Kuomba na kuchagua chuo cha udaktari cha DO Marekani: uliza kwanza kuhusu mwaka wa tatu

Vyuo vinavyotoa shahada ya DO (Doctor of Osteopathic Medicine), moja ya shahada mbili za udaktari nchini Marekani, nyingine ikiwa MD, sasa vimepita 40, na ukitazama matangazo yao vyote vinafanana: maabara zinazong'aa, wanafunzi ndani ya makoti meupe, maneno mazuri kuhusu mwili, akili na roho. Kwa picha hizo huwezi kuchagua. Vyuo vinatofautiana kwa mambo mawili yasiyopigwa picha: utapelekwa hospitali zipi mwaka wa tatu na wa nne, na utatoka na deni la kiasi gani. Mengine nitakayoeleza hapa, kuanzia mtihani hadi usaili, ni safari ya kukufikisha mahali ambapo unaweza kuuliza maswali hayo mawili ukiwa na barua ya kukubaliwa mkononi.

Mimi niko mwaka wa pili wa residensi ya tiba ya familia, yaani mafunzo ya ubingwa anayofanya daktari baada ya kuhitimu. Kabla ya chuo nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulea wazee, zamu za usiku, huku mchana nikisoma chuo cha jamii. Siku hizi vijana wetu wanaozungumza Kiswahili huniletea insha zao nizisome, na wazazi wao hunipigia simu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia.

Wazazi huuliza: ni daktari kweli?

Ndiyo. Mwenye DO anapewa leseni kamili katika majimbo yote 50. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anaongoza chumba cha wagonjwa mahututi. Robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humo wako katika vyuo vya namna hii. Asiyejua huwachanganya na wanaoitwa osteopathi Uingereza na kwingineko, ambao hutibu kwa mikono tu na si madaktari wa tiba. Mfafanulie mama hilo mapema, kabla jirani hajamtia hofu.

Chimbuko lake ni Andrew Taylor Still, tabibu wa Missouri aliyefiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864 na kukosa imani na dawa za zama zake. Mwaka 1892 alifungua chuo cha kwanza mjini Kirksville, na chuo hicho kipo hadi leo. Kilichobaki cha upekee ni mafunzo ya kuchunguza na kutibu kwa mikono, takriban saa 200 juu ya yale yote anayosoma mwanafunzi wa MD. Tangu mwaka 2020 residensi za DO na MD ziko chini ya mfumo mmoja wa ithibati, na wahitimu wa pande zote mbili hushindania nafasi zilezile kupitia NRMP, mfumo wa kompyuta unaolinganisha chaguo za wahitimu na chaguo za hospitali.

Niseme wazi jambo moja ambalo matangazo hayasemi. Zaidi ya nusu ya madaktari wa DO wako katika tiba ya familia, tiba ya ndani na watoto. Ukitaka upasuaji wa ubongo, ngozi au upasuaji wa kurekebisha maumbile, njia ipo lakini ni nyembamba kuliko ya MD, kwa sababu hospitali nyingi za ubingwa huo bado huwapa kipaumbele wa MD. Kama moyo wako uko huko, omba pande zote mbili.

Alama na kalenda

Waliokubaliwa kwenye vyuo vya DO kwa jumla huwa na wastani wa GPA, yaani alama za masomo ya chuo, karibu 3.6, na MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, karibu 504. MCAT hutolewa alama kati ya 472 na 528, na katikati yake ni 500. Huo ni wastani tu, kwa hiyo wapo wengi walioingia wakiwa chini yake. Ila usidanganywe na mtu anayesema DO ni mlango wa waliofeli. Ukiwa na MCAT ya 495 vyuo vingi havitafika hata kusoma insha yako.

Kwa sisi tuliojifunza Kiingereza ukubwani, sehemu inayotuangusha MCAT si kemia wala fizikia. Ni ile ya kusoma vifungu na kuchambua hoja za mwandishi, CARS. Haihitaji maarifa ya sayansi, na ndiyo maana kuikariri haiwezekani. Dawa yake ni kuanza kusoma makala ndefu za falsafa, historia na sanaa kila siku, miezi mingi kabla ya mtihani, na baada ya kila makala kusema kwa sentensi moja mwandishi anadai nini. Sema kwa Kiswahili ukitaka. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo wakati wa mapumziko ya zamu, na nikiona nimeweza kudai hoja ileile kwa lugha yangu, nilijua nimeielewa.

Masomo ya lazima hayabadiliki sana: biolojia, kemia ya jumla, kemia ya ogani, fizikia, biokemia na Kiingereza, pamoja na maabara zake. Ukirudia somo, alama zote mbili huhesabiwa. Ule utaratibu wa zamani wa alama mpya kufuta ya kale ulikoma mwaka 2017, ingawa bado nasikia watu wakiwashauri wenzao warudie masomo kwa matumaini hayo. Uliyosoma nje ya Marekani yanatakiwa yatathminiwe na taasisi kama WES au ECE, na vyuo vingi vinataka masomo ya lazima yawe yamefanyika Marekani au Kanada. Kama tayari ni daktari uliyehitimu nje, ulizia chuo cha NYIT huko Old Westbury, New York, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na programu ya kuwapatia madaktari wahamiaji shahada ya DO.

Maombi ya DO hupitia AACOMAS, mfumo mmoja wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi. MD wana AMCAS, na vyuo vya umma vya Texas, kikiwemo TCOM cha Fort Worth ambacho ni cha DO, hutumia TMDSAS. AACOMAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na huanza kupeleka maombi vyuoni katikati ya Juni. Nafasi hutolewa kadiri maombi yanavyosomwa, bila kusubiri siku moja ya mwisho. Anayewasilisha Juni anashindania viti vyote; anayewasilisha Desemba anashindania mabaki, hata kama tarehe ya mwisho ni Machi. Kwa hiyo fanya MCAT kabla ya katikati ya Mei, maana majibu huchukua kama mwezi. Omba chuo ulichosoma kitume transkripti, yaani rekodi ya masomo na alama zako, mapema, na uingize kila somo kama lilivyoandikwa humo, herufi kwa herufi. Kosa dogo la kuingiza somo linaweza kurudisha fomu yako nyuma kwa wiki kadhaa.

Gharama yake ni karibu dola 200 kwa chuo cha kwanza na takriban 60 kwa kila kinachoongezeka, kisha kila chuo hutuma fomu ya pili yenye ada yake. AACOM, jumuiya ya vyuo vya DO, ina msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo, na AAMC, jumuiya ya vyuo vya MD, ina mpango wa kupunguza gharama za MCAT. Omba misamaha hiyo kabla hujalipa chochote, kwa sababu hairudi nyuma. Wengi wetu tunastahili na hatuombi kwa haya. Usione haya.

Insha na barua

Insha ya AACOMAS haizidi herufi 5,300, nafasi zikihesabiwa. Maelezo ya kila kazi au huduma uliyofanya hayazidi 600.

Makosa ninayokutana nayo zaidi katika insha za vijana wetu ni mawili. La kwanza ni kusimulia mateso ya familia kuanzia mwanzo hadi mwisho: vita, kambi, safari. Yote ni kweli na yote ni mazito, lakini msomaji anafika mwisho akiwa na huzuni, bila kujua wewe utakuwa daktari wa namna gani. Tumia aya moja kwa hayo, kisha tuoneshe ulichofanya kwa mikono yako. Kijana mmoja aliniletea kurasa kuhusu kambi, na katikati, kwa sentensi nusu, akataja kwamba huwa anamtafsiria bibi yake kliniki na kwamba siku moja aligundua bibi anakunywa vidonge viwili vya presha vya aina moja vyenye majina tofauti. Nikamwambia, mdogo wangu, insha yako ndiyo hiyo.

La pili ni kuandika kwamba MD hutibu ugonjwa na DO humtibu mtu. Si kweli, na wanaosoma insha hiyo hufanya kazi kila siku na wenzao wa MD wanaowajali wagonjwa. Swali la "kwa nini DO" lijibiwe kwa ulichokiona: daktari uliyemfuata kazini, mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo aliyeguswa, akachunguzwa, akapata nafuu bila kuongezewa dawa kali ya maumivu inayolevya. Kama hujawahi kuona, nenda kaone kwanza. Vyuo vingi vinataka au vinapendelea barua ya daktari, hasa wa DO. Tafuta kliniki za afya za jamii karibu nawe, huko DO ni wengi, na muombe umfuate kwa siku kadhaa zilizotawanyika badala ya asubuhi moja. Daktari aliyekuona mara moja atakuandikia barua ya mistari mitatu.

Kazi ya kulipwa inahesabika. Kuogesha wazee, kutafsiri hospitalini, kuendesha gari la wagonjwa, kuuza dukani ili kulisha wadogo zako: andika vyote kwa saa zake. Nimewaona vijana wakiificha kazi ya nyumba ya wazee na kuweka mbele siku mbili za kujitolea maabara, wakidhani maabara ina heshima zaidi. Kwenye chuo cha DO, aliyebadilisha nepi za wagonjwa usiku kucha na bado anataka kuwatibu ana jambo zito la kusema.

Usaili

Usaili huanza karibu Agosti na kuendelea hadi masika. Mwingi hufanyika kwa video. Wengine hukalisha watu wawili au watatu wakuhoji, wengine hukupitisha kwenye vituo vifupifupi vyenye maswali ya maadili. Tulilelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa na kutojisifu, na adabu hiyo sitaki uitupe. Lakini msaili wa Marekani anaweza kuisoma kama hofu. Zoea kusema "nilifanya" pale ulipofanya wewe. Mtazame machoni, jibu kwa ufupi, kisha nyamaza. Ukiulizwa umejifunza nini kwa mgonjwa fulani, usimtaje jina.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Hapo ndipo kuchagua kunapoanza.

Ukiwa na barua zaidi ya moja

Miaka miwili ya kwanza inafanana karibu kila mahali. Anatomia ni ileile Pennsylvania na Arizona, na wanafunzi wengi hujifunza kwa video na benki za maswali zilezile. Njia za ufundishaji hutofautiana: LECOM cha Bradenton, Florida, kimejengwa juu ya vikundi vidogo vinavyochambua visa vya wagonjwa badala ya mihadhara, na mtu anayehitaji mwalimu mbele yake atateseka. Jijue hapo. Lakini usiumize kichwa sana juu ya miaka hiyo.

Mwaka wa tatu unatoka darasani na kuingia wodini. Vyuo vingi vya DO havina hospitali yao vyenyewe. Hutegemea mikataba na hospitali zilizotawanyika, nyingine majimbo ya mbali. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja anajifunza upasuaji katika hospitali kubwa yenye madaktari wa residensi na mihadhara kila mchana, na mwenzake wa darasa moja anajifunza kwa kumfuata daktari mmoja wa kliniki ambaye halazi wagonjwa kabisa. Wote watapata shahada ileile. Ila atakapoanza residensi, wa pili atakuta wenzake wameshazoea kumpokea mgonjwa usiku, kuandika maelezo yake na kumwelezea mbele ya timu.

Kwa hiyo uliza: hospitali ni zipi, kwa majina? Zina marezidenti, yaani madaktari walio kwenye residensi? Wanafunzi hupangiwaje, kwa kura, kwa alama au kwa chaguo? Nitakaa mji mmoja mwaka mzima au nitahama kila mwezi, na nani hulipa nyumba? Mwaka wa nne, nani anatafuta mizunguko ya mafunzo hospitalini, ni chuo au ni mimi? Mwenye mke na watoto, au mwenye mama anayemtegemea, maswali haya kwake si ya masomo tu.

Usiridhike na jibu la ofisi ya udahili. Omba wakuunganishe na wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, si wale wa mwaka wa kwanza wanaotembeza wageni. Mimi nilikuwa na barua mbili. Chuo kimoja kilikuwa na jengo jipya zuri, na mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu niliyezungumza naye alikuwa hajui mwezi unaofuata atakuwa mji gani. Chuo cha pili kilikuwa na majengo ya kawaida, lakini mwanafunzi wake alinitajia hospitali yake, kitengo chake na jina la daktari anayemfundisha kufunga mshono. Nilikwenda cha pili.

Vipo vyuo vyenye sura yake kabisa, na kama sura hiyo ni yako, usisite. Chuo cha ATSU huko Mesa, Arizona, hupeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya jamii tangu mwaka wa pili. Chuo cha Pikeville, Kentucky, na kile cha Harrogate, Tennessee, vinaandaa madaktari wa milima ya Appalachia. Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma kina kampasi Tahlequah, iliyofunguliwa mwaka 2020 kwa ushirikiano na taifa la Cherokee.

Kisha uliza takwimu. Vyuo vinatakiwa kutangaza matokeo yao ya COMLEX, mtihani wa leseni wa DO, na ya wahitimu kupata residensi. Soma kwa makini. "Waliopata nafasi" inajumuisha hata waliokosa kwenye NRMP wakaokota nafasi ya mwaka mmoja baadaye. Na asilimia hiyo haimhesabu aliyeacha masomo mwaka wa pili. Uliza: kati ya walioanza pamoja, wangapi walihitimu ndani ya miaka minne? Chuo kinachojibu swali hilo bila kuzungukazunguka kinastahili kuaminiwa. Uliza pia kama kinatoa wiki za kutosha za kujisomea kabla ya COMLEX ya kwanza, na kama kinawasaidia wanaotaka kufanya USMLE, mtihani wa MD, juu yake. Mitihani hiyo ya hatua ya kwanza sasa hutoa tu "amefaulu" au "amefeli", lakini ukitaka ubingwa wenye ushindani, hospitali nyingi bado hutaka kuona alama ya USMLE ya hatua ya pili.

Chuo kipya kinaweza kuwa kizuri, ila bado hakina darasa lililohitimu la kukupa ushahidi. Tazama hali yake ya ithibati kwa COCA, chombo kinachoidhinisha vyuo vya DO. Kama una chaguo jingine lenye historia, mimi ningechukua lenye historia.

Deni

Ada ya vyuo vingi vya binafsi imefika dola 60,000 kwa mwaka au inazidi, kabla ya pango na chakula. Kwa mkazi wa Texas anayekwenda TCOM, au wa West Virginia anayekwenda WVSOM cha Lewisburg, ada ni chini ya nusu ya hiyo. Ukipata nafasi ya chuo cha umma cha jimbo lako, chuo cha binafsi kinahitaji sababu kubwa sana kukishinda.

Sheria imebadilika, na ushauri wa waliotutangulia kuhusu mikopo hautoshi tena. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unaziba pengo lote haupo. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kukopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Piga hesabu: kama gharama zako zote ni 90,000 kwa mwaka, 40,000 zitatoka benki binafsi, ambayo huenda ikataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Wengi wetu hatuna mjomba wa namna hiyo. Andika hesabu ya miaka minne ya kila chuo kwenye karatasi kabla ya kulipa amana, kwa sababu amana hairudi na inaweza kufika dola elfu mbili au tatu.

Mwenye grini kadi, mkimbizi aliyepokelewa na aliyepewa hifadhi wote wanastahili mikopo ya serikali kuu. Mwenye viza ya mwanafunzi hastahili. Vyuo vinavyompokea ni vichache, na vingine humtaka aoneshe fedha ya mwaka mzima au zaidi kabla ya kuanza. Ukiwa raia, angalia ufadhili wa NHSC, mpango wa serikali kuu unaolipia masomo kwa ahadi ya kuhudumia maeneo yenye uhaba wa madaktari.

Ukishaamua, jitoe mapema kwenye vyuo vingine, kwa sababu kila kiti unachoshikilia kina mtu anayekisubiri. Chuo kitakutumia orodha ya chanjo na vipimo. Kama ulichanjwa BCG utotoni, kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozi kinaweza kuonesha una maambukizi ambayo huna. Omba kile cha damu, IGRA, ambacho hakidanganywi na chanjo hiyo. Kifanye Mei au Juni, ili majibu yawe kwenye faili lako kabla masomo hayajaanza.